Nani Aliandika "Tabiri"

Mume wangu hakupiga ramli. Hakusafisha nyota ya mtu, hakuuza dawa, wala hakuwahi kumwambia mtu mwaka wake wa bahati. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu ukurasa ulioletwa kwangu niusome, kabla kitabu cha ukoo hakijapelekwa kwa mchapaji, una mistari saba na makosa manne, na hayo manne si ya tahajia. Unasema marehemu "alijaliwa kipaji cha kusoma nyota za watu", kwamba "alitumia kompyuta za ofisi kwa kazi hiyo", kwamba "alifukuzwa", na kwamba alikuwa "akipokea na kutuma vifurushi nchi za nje". Aliyeuandika ni wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye amekula mezani kwangu miaka thelathini. Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa kuandika.

Nimemrudishia karatasi yake. Hizi ni zangu.

Alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya upimaji ardhi. Kazini walimwita Rula, kwa kuwa aliweza kuchora mstari ulionyooka kwa mkono mtupu, na kwa kuwa hata maneno yake yalikuwa hivyo hivyo, mafupi na hayapindi. Alikuwa na sweta moja la kijivu lenye doa la wino mfukoni, ambalo nilililoweka mara zisizohesabika na halikutoka. Hakuwa mtu wa vijiwe. Akitoka kazini alikuja nyumbani, akavua viatu, akavipanga sambamba kama aliyepimiwa nafasi yake.

Mambo ya jua na nyota yaliingia kwetu kwa mlango wa kazi. Mpimaji akitaka kujua kaskazini halisi, mahali ambapo dira haiaminiki, hupima jua au nyota, kisha hufanya hesabu ndefu. Ofisi ilikuwa na programu ndogo ya kufanya hesabu hizo. Ilikaa ndani ya Linux, ule mfumo wa kompyuta usionunuliwa, unaotengenezwa na watu waliotapakaa duniani ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Siku moja mfumo ulisasishwa, na programu ikakataa kufunguka. Mume wangu akaandika barua pepe ya malalamiko. Baada ya siku mbili akajibiwa kwamba aliyekuwa akiitunza programu hiyo ameacha, imebaki yatima. Je, yeye angependa kuichukua?

Ndivyo wanavyosema wenyewe. Programu isiyo na mtunzaji ni yatima.

Jioni hiyo tulikuwa mezani, wifi naye akiwapo, mume wangu akimenya chungwa.

"Mwalimu," akaniambia, maana hakuwahi kuniita vingine, "leo nimechukua yatima."

Nikaweka kijiko chini. "Yatima wa nani?"

"Simjui. Aliyekuwa naye kamwacha."

"Na atalala wapi? Hata kuniuliza?"

"Atalala kwenye kompyuta," akasema, wala hakutabasamu. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Wifi hakucheka. Wiki iliyofuata nilisikia sokoni kwamba kaka yake ana mtoto nje. Kwa hiyo msishangae kwamba leo vifurushi vyake vimegeuka kuwa mizigo ya magendo.

Kifurushi, katika kazi yake, ni hiki. Mtaalamu wa nyota, kwenye chuo fulani, anaandika programu ya kupiga hesabu za sayari au kusafisha picha za darubini. Anaiandika kwa ajili ya kompyuta yake, kwa haraka, halafu anaiweka hadharani. Kwenye kompyuta ya mtu mwingine haifunguki. Mume wangu aliichukua, akasoma leseni yake neno kwa neno kuona kama inaruhusiwa kugawiwa, akarekebisha palipokwama, akaijaribu kwenye mashine za aina mbalimbali, kisha akaifunga pamoja na kila inachohitaji, ili mwanafunzi yeyote mahali popote aipate kwa amri moja tu. Hicho ndicho kifurushi. Hakuna kamba, hakuna karatasi ya kaki. Baada ya miaka mitatu alikuwa na vifurushi kumi na tisa. Mwishoni vilifika thelathini na kimoja, vyote vya falaki, na vyote alivitunza bila malipo.

Alifanyia kazi katika stoo iliyo kati ya jiko na bafu. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti, na tundu la kitasa lilikuwa bado lipo. Humo ndimo alimopitishia nyaya. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakaa humo hadi saa moja, akaoga, akaenda kazini. Nikipita na birika nilimkuta kaikunjia uso skrini kama mzazi anayesoma ripoti mbaya ya shule.

Kuna wakati alihangaika wiki tatu na programu ya kuchora mwezi. Kwa watu wa kaskazini mwa dunia ilichora sawasawa; kwa watu wa kusini ilimulika upande usio wake. Watu walikuwa wamelalamika miaka minne na hakuna aliyegundua sababu. Aliipata asubuhi ya Jumamosi: alama moja ya kutoa, katika mstari mmoja, ilikuwa imesahaulika.

"Kistari tu?" nikamuuliza.

"Kistari tu."

"Wiki tatu kwa kistari?"

"Wewe si unamkata mwanafunzi alama kwa kistari?"

Nilimwacha. Hapo alikuwa amenipata.

Sasa nafika kwenye lile neno.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na wakati huo nilikuwa naibu mkuu wa shule. Watunzaji wenzake walikuwa wakiomba programu zitafsiriwe katika lugha nyingi iwezekanavyo, naye akataka ile ya kwanza, ile ya jua na nyota, iwe na Kiswahili. Jumamosi mchana alikuja na daftari mezani, akanisomea maneno ya Kiingereza, nami nikampa ya kwetu. Ilikuwa kazi tuliyoifanya pamoja kwa furaha, na nasema wazi kwamba nilijivunia.

Kitufe cha kuanzisha hesabu ndicho kilichotugonganisha.

"Mimi naona tuandike 'Kokotoa'," akasema.

"Kukokotoa ni kwa hesabu za dukani. Hii inakueleza mapema kitu kitakuwa wapi. Neno lake ni 'tabiri'. Watu wa hali ya hewa wanatabiri kila siku, nani amewaita waganga?"

"Haya. Na hapa juu ya jibu? 'Nyota uliyoichagua'?"

"Ndiyo."

"Haitoshi. Nafasi ni herufi kumi."

Nilihesabu kwa vidole. "Weka 'Nyota yako'. Na nafasi ya katikati ukiihesabu, ni kumi kamili."

Alikaa na kalamu hewani. "Mwalimu, watu hawatatuelewa vibaya?"

"Anayejua kusoma hataelewa vibaya," nikamwambia.

Akaandika.

Programu ilipokuwa tayari aliiweka kwenye kompyuta ya chumba cha kuchorea, maana wapimaji waliihitaji kwa kazi yao. Haikupita wiki mbili, karani wa masjala akaja kuchapisha barua humo, mama mmoja mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Akaona pameandikwa "Tarehe". Akajaza tarehe yake ya kuzaliwa. Akabonyeza "Tabiri". Skrini ikamjibu: "Nyota yako: imezama."

Ndugu zangu, alilia. Alikuwa na mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Walimpepea kwa mafaili. Kesho yake kulikuwa na foleni mlangoni kwa mume wangu, kila mtu na tarehe yake.

"Rula, niangalizie na yangu, na ya mke wangu, ila yake usimwambie."

"Wewe yako imepanda? Hebu nipishe, umependelewa wewe!"

Mume wangu alisimama katikati yao na kuwaeleza. Programu haijui siku aliyozaliwa mtu. Inachukua nyota ya kwanza kwenye orodha na kuangalia, siku hiyo saa sita mchana, kama iko juu ya upeo wa macho au chini. Nusu ya mwaka iko juu, nusu iko chini. "Kwa hiyo nusu ya ofisi hii imezama, nusu imepanda," akawaambia. "Na aliyezaliwa jana na aliyezaliwa leo hawana tofauti. Ni jua na nyota, si nyinyi."

Walimsikiliza kama watu wanavyomsikiliza daktari anayesema huumwi kitu. Dereva wa ofisi, ambaye alikuwa na nakala za kila hati, akajaza tarehe ya kuzaliwa ya mkuu wa ofisi. Imezama. Karani akapaza sauti koridoni, "Jamani, ya mkuu nayo imezama!" Siku tisa baadaye mkuu akaletewa barua ya uhamisho, kwenda kituo kidogo ambacho hakuna aliyekipenda. Hakuamini kwamba ni barua iliyoandikwa miezi mitatu nyuma. Kabla hajaondoka, alimfungulia mume wangu mashtaka ya nidhamu: kutumia mali ya ofisi kwa ramli na kutia hofu watumishi.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Kumbukumbu za kikao ninazo, na sehemu hii nainakili kama ilivyo.

"Programu hii inatabiri au haitabiri?" mwenyekiti aliuliza.

"Inatabiri mahali nyota itakapokuwa," alijibu mume wangu.

"Nyota ya nani?"

"Ya angani, mheshimiwa."

"Hapa pameandikwa 'yako'. Ya angani inakuwaje yangu?"

Mwenyekiti aliendelea:

"Nani aliandika maneno haya ya Kiswahili?"

"Ni mimi."

Katibu wa kamati alikuwa mtu mwelewa. Walipotoka nje alimvuta pembeni, akamwambia: tafuta mtu wa lugha, mwenye shahada, aje aseme mbele yetu kwamba kutabiri si kupiga ramli na kwamba neno limetumika kwa maana yake ya kawaida. Dakika kumi. Tutafunga faili.

Alirudi saa kumi jioni. Nilikuwa sebuleni nasahihisha insha za kidato cha tatu. Hakuvua viatu.

"Mwalimu, wanahitaji mtu wa lugha."

"Watampata. Wapo wengi."

"Nilifikiri wewe."

Nikaweka kalamu nyekundu mezani. Usaili wangu wa ukuu wa shule ulikuwa umebakiza wiki tatu. Nilikuwa nimeungoja miaka kumi na moja.

"Unajua nani yumo kwenye jopo langu?" nikamuuliza. "Mke wa huyo mwenyekiti wako."

"Ni dakika kumi."

"Na hizo dakika kumi zitaandikwa. Jina langu halitaandikwa kwenye faili la ramli."

Aliangalia lile rundo la insha, si mimi. "Basi," akasema. "Na hata hivyo nimeshawaambia ni mimi."

Akaenda kuvua viatu. Hatukulizungumza tena wiki ile. Sikumtafutia mtu mwingine wa lugha, naye hakutafuta. Angempata, huyo angeuliza ni nani aliyechagua neno, na mume wangu hakuwa na ustadi wa kusema uongo mara mbili.

Hata hivyo hakufukuzwa. Barua ninayo, inasema "kustaafishwa mapema kwa maslahi ya ofisi", miaka miwili na nusu kabla ya wakati wake. Wiki moja baada ya barua hiyo mimi nikaitwa, nikasailiwa, nikapata ukuu wa shule. Kwenye hafla ya kunipongeza alivaa suti, akakaa safu ya mbele, akapiga makofi pale wengine walipopiga.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Asubuhi zake zilikuwa vile vile, ila sasa hakuwa na mahali pa kwenda saa moja ilipofika, akawa anaendelea mpaka mchana. Mtaani walimwita Bwana Nyota, wengine kwa dhihaka, wengine kwa matumaini, na hao wa matumaini ndio waliomwumiza. Walibisha hodi. Mwanamke mmoja alikuja na picha ya mumewe aliyeondoka kutafuta kazi na hakurudi. Mume wangu alimpa kiti na maji ya kunywa.

"Mama, mimi najua tu nyota ziko wapi. Watu sijui."

"Lakini zinakwambia," yule mama akasema.

"Haziniambii kitu. Nazihesabia tu."

Alimsindikiza mpaka getini. Mimi niliyekuwa dirishani nilimwambia aliporudi kwamba anawalea, kwamba awafukuze, kwamba watu watamwona mume wa mkuu wa shule anakaribisha wateja. Akasema, "Aliyeandikiwa 'nyota yako' atakosaje kuja kuiulizia?" Hakulisema kwa ukali. Akaingia stoo.

Figo ndizo zilizomwondoa. Akiwa hospitali alinituma nimletee daftari, akawaandikia wenzake orodha ya vifurushi vyote thelathini na kimoja, kila kimoja na ugonjwa wake, nani wa kuulizwa, nini kisiguswe kabla ya toleo jipya. Kurasa kumi na nne. Hiyo ndiyo karatasi ya mwisho aliyoandika, na haina hata neno moja la mambo ya watu.

Miezi miwili baada ya mazishi, mtunzaji mwenzake mmoja, mwanamke wa nchi ya baridi ambaye hakuwahi kumwona, alituandikia pole. Alisema wangependa familia ijue alichofanya, na kwamba kila badiliko katika kila kifurushi huandikwa kwenye kumbukumbu ya wazi: siku, jina, na lililobadilishwa. Binti yetu, ambaye ni mkunga na alikuwa likizo, akaifungua ile ya jua na nyota. Tuliisoma pamoja stoo, mbele ya ile meza yake ya mlango. Imeandikwa kwa Kiingereza, nami naitafsiri.

Mstari mmoja ulisema: "Kiswahili kimeongezwa. Shukrani kwa mke wangu, mwalimu wa lugha, aliyenipa kila neno."

Mstari uliofuata ulikuwa wa siku moja baada ya yale mazungumzo yetu ya sebuleni: "'Tabiri' imeondolewa, 'Kokotoa' imewekwa. 'Nyota yako' imeondolewa. Kosa ni la mtunzaji peke yake."

Binti akanigeukia. "Mama, kwani neno lilikuwa lako?"

"Lilikuwa langu."

"Na baba aliwaambia la kwake?"

"Ndiyo."

Akasimama, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Maana yake ni kwamba ukweli ulikuwa hadharani siku zote. Kamati ingeweza kuusoma, mkuu wa ofisi angeweza, wifi angeweza. Hakuna aliyefungua. Niliwaandikia wale wenzake kuomba mstari wa pili ufutwe. Yule mwanamke akanijibu kwa heshima kwamba kwao kilichoandikwa hakifutwi. Kama kuna kosa, huandikwa mstari mpya, na ule wa zamani hubaki. Basi nilituma mstari mpya, nao wameuweka: kosa halikuwa la mtunzaji, maneno yote mawili yalichaguliwa na mkewe, ambaye alionywa na hakusikia, na alipoitwa kueleza hakwenda.

Ni hilo hilo ninalotaka liwe katika kitabu cha ukoo. Juzi wifi alikuja baada ya kusoma rasimu. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

"Wifi, umeandika vizuri. Ila hapa kwenye yako tupunguze. Tuseme tu kaka alisingiziwa, yaishe."

"Alisingiziwa na nani? Ukiacha hapo watauliza, na mtawajibu kwa kubuni, kama kawaida."

"Watu watasema mkuu wa shule mzima alimtupa mumewe."

"Waseme. Safari hii watakuwa wamesema kweli."

"Na jina la familia je?"

"Jina la familia ni lake, si langu. Mlipoandika mpiga ramli hamkuliulizia."

Alifungua mkoba, akaufunga. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake, "Lakini kaka alikusamehe?"

Kurasa hizi zichapwe zote kama zilivyo. Kama hamwezi, liachwe jina lake na tarehe zake mbili, na sehemu iliyobaki iwe nyeupe. Msiijaze kwa maneno ya mtu mwingine. Wifi sikumjibu swali lake. Yaliyosemwa na yasiyosemwa kati yangu na mume wangu katika miaka ile sita si ya kitabu, si ya mtaa, wala si ya dada yake. Sisemi.